Nguo Niliyoipunguza kwa Kukisia

Jumatatu, 3 Machi

Mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, unajifungia chumbani mchana kweupe kama umeiba kuku! Aibu huna? Sufuria ya asubuhi bado imekaa kwenye sinki, uji umekauka umekuwa gundi. Nani atasugua? Mimi? Kwa mgongo huu?

Sikumwambia hivyo. Nimeliambia daftari. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alisema andikeni kila siku, msije mkasahau herufi. Wenzangu wote wameacha, mimi naandika. Na humu ndani niongee na nani? Mume nilishamzika. Mwanangu anachimba visima huko mbali, anarudi mara moja kwa mwaka na tope kwenye viatu. Pacha wako shule ya bweni. Tumebaki mimi na mke wa mwanangu, kila mtu na upande wake wa nyumba.

Jumamosi alitoka amependeza, akarudi ameinama. Anatembea kama amebeba ndoo iliyojaa na hataki imwagike. Nikamuuliza, Mama Pacha, vipi? Akasema tumbo, Mama, la kila mwezi tu. Ala! Tumbo la mwezi nalijua mimi. Halimfanyi mtu ashuke kwenye gari kinyumenyume.

Sikuuliza tena. Mimi si mtu wa kubembeleza.

Nimekula peke yangu. Chakula chake nimekifunika.

Jumanne, 4 Machi

Leo katoka! Kasimama mlangoni pa chumba changu cha cherehani, mfuko wa plastiki mkononi, midomo imekauka. Shikamoo, Mama. Marahaba, umefufuka? Hakucheka.

Anaomba nimpunguzie nguo. Ya rafiki yake, anasema.

Nguo gani hii! Nimeshona sare za shule, magauni ya harusi, mapazia ya ofisi, hata koti la mbwa wa mwenye hoteli — hii sijapata kuiona. Inaanzia chini ya matiti inashuka mpaka katikati ya mapaja. Rangi ya ngozi. Kulabu mbele, safu nzima. Lastiki ngumu, vidole vinauma kuivuta. Nikauliza, rafiki yako anakwenda vitani? Akasema ni ya kubana tumbo. Wamempa kubwa, na ikilegea haifanyi kazi.

Ikaze kiasi gani? Ikaze sana, Mama.

Rafiki ana kiuno gani? Kama changu.

Basi sogea nikupime wewe. Nikachukua futi. Karuka nyuma kana kwamba nimeshika nyoka! Na kuruka kwenyewe kumemuuma, nimeona alivyofumba jicho.

Haya. Kweli, mimi ni mama wa mume wake. Tumekaa nyumba moja tangu pacha wananyonya, sijaona hata goti lake, wala yeye langu. Akiwa anaoga mimi huwa nje. Chumbani kwake sijaingia hata siku moja. Ndivyo inavyotakiwa.

Nimekisia. Jicho langu halijanidanganya — bibi harusi akipita tu hapo dirishani kiuno chake nimeshakijua. Nikamfikiria na lile gauni lake la bluu, nikaingiza pande zote mbili, nikapiga mshono mara mbili usije ukafumuka. Umelala kwa ndani, mnene, umenyooka. Kwa nje huoni kitu. Nikajisifu kwa sauti, maana hakuna mwingine wa kunisifu.

Akapokea kwa mikono miwili. Ahsante, Mama. Mlango ukafungwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu mkuu kaleta tena suruali nimpanulie. Eti imesinyaa kwa sababu ya sabuni. Nikamwambia, mwalimu, sabuni hiyo unaila kwa kijiko. Alicheka mpaka akakaa! Mimi pia. Alipoondoka nyumba ilinyamaza kuliko kabla hajaja.

Mchana nikaenda kuanua nguo. Kwenye kamba kuna taulo kubwa, na chini yake kumefichwa kitu. Nikafunua. Ile nguo! Mshono wangu naujua kuliko ninavyoujua mwandiko wangu. Rafiki gani huyo anakuja kuanika nguo ya ndani kwetu?

Na ubavuni kuna doa. Maji mekundu yenye unjano, sabuni haijalitoa. Harufu ya dawa, na chini ya dawa kuna harufu nyingine.

Nikarudisha taulo vilevile lilivyokuwa. Ningeweza kumwita pale pale, mdomo ninao. Lakini aliyedanganya ni yeye. Aanze yeye!

Jioni kapita sebuleni anajishikiza ukutani. Jasho linamtoka wakati mimi nimevaa sweta. Shikamoo, Mama. Marahaba. Basi — hayo ndiyo mazungumzo ya siku nzima katika nyumba ya watu wawili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa mwenye duka la dawa. Ana ulimi mbaya kama wangu, ndiyo maana tunaelewana. Nikamwambia kuna mpangaji kwa jirani, kavaa nguo ya kubana, anatokwa na maji mekundu.

Akanitazama juu ya miwani. Huyo mpangaji kafanya leza, bibi.

Leza gani? Ile ya macho?

Ya mafuta. Akanieleza, mpaka wateja wakaanza kuguna nyuma yangu. Wanakutoboa katundu kadogo, wanapitisha kijibomba chembamba chini ya ngozi, mwanga unayeyusha mafuta, kisha yanafyonzwa. Nikasema huo ni uchawi. Akasema si uchawi hata kidogo. Akifanya daktari wa upasuaji aliyesomea hiyo, mahali penye vifaa, kwa mtu ambaye ana afya, wengi wanarudi kazini salama. Ila si dawa ya kupunguza uzito. Ni ya pale mahali tu, tumbo au kidevu, na mtu akiendelea kula hovyo ananenepa tena. Watu wanadanganyika kwa sababu tundu ni dogo. Tundu dogo, bibi, lakini ndani kidonda ni kipana kama sinia!

Nikauliza, sasa maji mekundu? Siku za kwanza yapo, na kuvimba kupo, na ngozi kuvilia damu. Yanatakiwa yapungue. Yakizidi, ngozi ikiwa nyekundu inatambaa, au ikageuka nyeusi, au ikanuka, mtu akawa na homa — usisubiri kesho. Wengine mwanga unawaunguza kwa ndani. Wengine ganzi inawekwa nyingi kupita kiasi, moyo unayumba pale pale kitandani. Wengine damu inaganda mguuni, kipande kinapanda kifuani, pumzi inakata. Alitaja na mengine, nimeyasahau.

Maana niliuliza na hili: ile nguo, ikikazwa sana?

Akasema inatakiwa ishike kama kiganja cha mtu anayekupenda. Isinyonge. Na kwa ndani isiwe na kitu kinachochoma, hata ukunjo, kwa sababu ngozi ile haisikii na damu inapita kwa shida.

Mshono mnene! Mara mbili! Kwa ndani!

Nikaomba antibiotiki. Kakataa. Siuzii mtu nisiyemwona, bibi. Na huyo mpangaji alifanyia wapi? Nikasema sijui. Akasema mngeanza na swali hilo.

Nimerudi, nimesimama mbele ya mlango wake, mkono nimeuinua. Ndani nikasikia analia. Analia polepole, kama mtu aliyeweka mto mdomoni. Mkono ukashuka wenyewe. Ningesema nini? Mkwe wangu, nifunulie tumbo?

Nimekwenda kukaa kwenye cherehani. Nimekanyaga bila uzi wala kitambaa, ili asikie kuna mtu ndani ya nyumba.

Jumamosi, 8 Machi

Nimegonga! Kwa ngumi.

Mama Pacha, ile nguo ni yako. Umefanya leza. Nani kakufanyia?

Mwishowe sauti, kupitia tundu la ufunguo nadhani, maana ilikuwa chini. Saluni ya juu ya benki, Mama. Kuna daktari pale.

Nipe namba yake.

Nikapiga kwa simu yangu. Sauti laini, asali tupu. Nikaeleza: maji, jasho, hajali chakula. Akasema ni kawaida, mama, mwili unatoa sumu. Aweke barafu, aje wiki ijayo. Nikamuuliza, wewe ni daktari wa nini hasa? Akasema, mimi ni mtaalamu wa urembo. Nani mwenye koti jeupe hapo? Akasema koti ni sare, wote tunavaa. Nikamwambia na mwuza nyama anavaa jeupe, lakini yeye hamdanganyi ng'ombe. Akakata.

Nikarudi mlangoni. Huyo si daktari, nikasema. Twende hospitali. Akasema nitapona tu, Mama. Mbona siumwi? Pale ubavuni hata sisikii kitu, pamekufa ganzi.

Hapo ndipo ningevunja mlango. Badala yake nikaanza kugomba, ndiyo kazi ninayoiweza. Nikamwambia yote haya kwa ajili ya mwanangu? Kakwambia nini kwenye hiyo simu ya video? Wanaume wana macho siku ya kwanza tu, baadaye wanakutazama kama kabati!

Akanijibu, na leo sauti haikutetemeka. Sikufanya kwa ajili yake, Mama. Mwanao hajawahi kusema neno. Tangu pacha, tumbo langu lilikuwa linaning'inia, nikioga najigeuzia ukutani na niko peke yangu bafuni. Nilitaka nijitazame mara moja tu.

Nimekaa sakafuni upande wangu wa mlango. Sijui nilikaa kwa muda gani. Yeye yuko kule nadhani amekaa pia, nilisikia kitasa kikigusana na kichwa chake au bega.

Nikasema, nipe hiyo nguo niifumue. Mlango ukafunguka upana wa mkono. Nguo ikatoka, mkono ukarudi. Mkono ulikuwa moto. Nimefumua mishono yote, kila uzi, na pamba ya kuziba pua nimeweka. Harufu ile!

Nikamwambia basi usiivae kabisa mpaka daktari wa kweli aseme. Akasema ndiyo, Mama. Hospitali akasema kesho.

Na mimi nikakubali kesho. Kwa nini nilikubali?

Jumapili, 9 Machi

Kesho imefika, akasema leo ni Jumapili, madaktari wakubwa hawapo, Jumatatu.

Mwanangu kapiga. Mama, mwenzangu simu yake haipokelewi, yuko wapi? Yeye kule chumbani kasikia, akaita: mwambie nimelala! Nikamwambia mwanangu amelala. Akasema vizuri, mwambie asijichoshe. Akaniuliza kama kuna mvua. Nikasema hakuna.

Nimemdanganya mtoto wangu kwa ajili ya mlango uliofungwa.

Uji niliouweka mlangoni umerudi vilevile.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika kwenye benchi, daftari liko magotini, mwandiko mtanisamehe. Nani anisamehe? Hakuna anayesoma.

Asubuhi nilisikia kitu kimeanguka bafuni. Nikaita. Akajibu, lakini alikuwa anawajibu pacha. Anawaambia wavae soksi. Pacha wako bweni!

Komeo la bafuni ni bovu siku zote, nimelisukuma kwa bega. Amelala sakafuni kwenye maji, shuka limemtoka. Nimeona. Miaka yote sikuona hata goti, leo nimeona kila kitu kwa mara moja. Ubavu wa kushoto, pembeni ya kale katundu, ngozi ni nyeusi, pana kuliko kiganja changu, pembeni nyekundu inang'aa. Na katikati ya weusi huo unashuka mstari. Umenyooka. Mshono wangu, umejiandika juu ya mtu.

Nikamfunika. Alinisukuma mkono, akili hana lakini aibu anayo! Usiangalie, Mama. Nikamwambia nyamaza, nimeshaangalia.

Dereva wa teksi wa pale kona ndiye aliyenisaidia kumbeba. Mtu mnene, anahema. Njiani akasema bibi, mke wa mwanao anaungua kama pasi. Nikamwambia tazama barabara.

Hapa hospitali wamemchukua mbio. Daktari ni binti mdogo, nywele amezifunga kwa mpira wa kawaida. Kaniita pembeni. Amesema mwanga umemuunguza kutoka ndani. Sehemu ya ngozi imekufa, maji yamekusanyika chini yake yakaoza, na vijidudu vimeingia kwenye damu. Lazima apasuliwe leo, waondoe chote kilichokufa. Nikauliza atapona? Akasema mngechelewa tena siku moja ningekujibu vingine. Lakini hakusema atapona. Nimesikia vizuri kwamba hakusema.

Halafu akashika ile nguo, nilikuwa nimeibeba ndani ya mfuko aione. Akauliza huu mstari kwenye kidonda ni wa nini? Nani aliikaza?

Ningeweza kusema rafiki. Nikasema mimi. Mimi ni fundi. Sikumpima, nilikisia.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza! Alisema kuungua kulikuwepo kabla yako, bibi. Mshono umekandamiza pale ambapo damu ilishakuwa haipiti vizuri. Sina namna ya kusema kipi kimeua kiasi gani. Lakini —

Akaitwa. Nimebaki na hiyo lakini.

Nimempigia mwanangu. Nimemwambia yote, na la jana pia, kwamba nilimdanganya. Nilisikia mashine ya kuchimba nyuma yake. Kisha akasema, Mama, mbona hakuna aliyeniambia? Anatafuta gari. Ni mbali.

Jumanne, 11 Machi

Yuko hai. Kapasuliwa. Homa haijashuka kama wanavyotaka. Binti daktari amepita, kasema wanatazama pembeni za kidonda. Weusi ukisogea watamrudisha chumba cha upasuaji, ukisimama basi Mungu kasikia. Mapigo yanakwenda mbio, pumzi nzuri. Wameangalia na miguu, damu haijaganda.

Wodini ana majirani pande zote mbili, wote wana watu wamewazunguka, vicheko, maua ya plastiki. Kwake niko mimi, na mimi nakaa nje kwenye benchi. Nikiingia anavuta shuka mpaka kidevuni. Namwambia umeamkaje, anasema salama, Mama, tunatazama dirisha. Tunafanana, sisi wawili. Hakuna aliyewahi kutuambia.

Muuguzi mkuu, mwanamke wa makamo, anatembea na ufunguo unalia mfukoni, kanifuata hapa. Amesema kidonda hakitashonwa. Kitaachwa wazi kijazike chenyewe kutoka chini, wiki nyingi. Kinasafishwa na kufungwa kila siku, na akirudi nyumbani lazima awepo mtu wa kufanya hivyo. Mtu asiyeogopa. Aanze kujifunza leo, kwa sababu wanaokifunga kidonda kila siku ndio wanaoona mapema weusi ukisogea, sisi hapa tuna vitanda vingi.

Nikasema mumewe anakuja. Akasema mumewe atakaa? Nikasema hapana, atarudi kazini.

Akasema basi, bibi, ni wewe.

Na kutoka ndani nikasikia sauti yake, haina nguvu lakini kali: si Mama! Nawaomba. Tafuteni mtu mwingine, yeyote, hata mgeni. Si Mama.

Muuguzi akanitazama. Nikatazama viatu vyangu. Nilitaka kusema sawa, tafuteni. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ingekuwa rahisi kwetu sote, kila mtu na upande wake wa pazia, heshima imelindwa, na yeye anaozea humo ndani akisema shikamoo.

Muuguzi kaingia kwake, nimesikia anamuuliza kwa sauti ndogo, je, panatisha? Muuguzi akasema sasa hivi ndiyo. Akauliza, Mama ameona? Muuguzi akasema Mama yako ndiye aliyekuokota. Kisha akauliza, alisema nini alipoona?

Nilisema nyamaza. Ndilo neno nililompa.

Trei imepita sasa hivi, bandeji za kidonda zimefunikwa na kitambaa cha kijani. Pazia limevutwa. Muuguzi kachungulia: bibi, tunaanza, unakuja au nimwite mtu?

Weka kalamu chini, kizee wewe. Vua bangili. Nawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Ingia nyuma ya pazia hilo, sema unachoona kwa sauti ili naye ajue, na ole wako ufumbe macho.